Jua la Machi ni Mbea

Lilinikuta jikoni, Jumapili, kama saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Tangu Novemba jua la huku lilikuwa likipita nyuma ya majengo limejikunyata, kama mtu mwenye deni anayekwepa duka la Mangi. Siku hiyo halikujificha. Liliingia kwa dirisha la jikoni, likajilaza sakafuni mpaka mlango wa bafu, na ndani ya dakika moja likaniumbua. Vumbi juu ya friji. Vidole vya watoto kwenye kioo, vimepangana kwa kimo kama wanapimwa kliniki. Matone ya mafuta ya bagia za Desemba, yameganda pembeni mwa jiko kama nta. Na chini ya kipasha joto cha ukutani, donge la vumbi na nywele, ukubwa wa kifaranga, linasogea.

Nilikuwa na hakika nyumba yangu ni safi. Wiki moja kabla walikuja wageni, wakala pilau, wakasifu. Sasa najua kwamba sote tulikuwa gizani.

Naishi Helsinki tangu 2013. Desemba huku jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Mchana mzima haufiki saa sita. Ukienda kazini ni usiku, ukirudi ni usiku. Taa tunazowasha ndani ni za njano, za kubembeleza, na taa ya namna hiyo haisemi ukweli wa mtu. Ikifika Machi mchana unarefuka kwa zaidi ya dakika tano kila siku, kwa hiyo kila wiki unaongezewa nusu saa na ushei ya kuyaona madhambi yako.

Na hapo niseme neno kuhusu baridi yenyewe. Vitabu huiita kipupwe. Mimi ni mtu wa Tanga, kipupwe nakijua: ni Julai, kusi inavuma, bibi anajitanda kanga ya pili mabegani na kulalamika kwamba mwaka huu baridi imezidi. Hii ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo ukivuta pumzi unyevu wa puani unaganda, itafutiwe jina lingine. Tusimchafulie bibi kipupwe chake.

Siku ile ile nilimpigia mama, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nafanya usafi, mama. Huku baridi ikiisha watu wote wanasafisha nyumba, kuanzia dari mpaka chini."

Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia kengele ya baiskeli. "Baridi ikiisha," akarudia. "Kwa hiyo siku zote hizo mlikuwa mnakaa vipi?"

Swali hilo nimelibeba wiki nzima. Kwa mama usafi hauna majira. Unaanza alfajiri kwa fagio la chelewa, uwanja unachorwa mistari, na mtoto atakayepita juu ya mistari kabla ya chai atajuta. Kisha ndani: ufagio, kizoleo, ndoo, tambara. Zipo siku za usafi mkubwa, nazo tunazijua: kabla ya Ramadhani, kabla ya Idi, kukiwa na harusi au, Mungu apishe mbali, msiba. Lakini hata siku hizo unachotoa ni cha juzi na jana. Uchafu wa Tanga ni mgeni. Unatoka barabarani, unatoka kwenye mkaa, kwenye mwembe, miguuni mwa kuku. Unaingia asubuhi na jioni unaoneshwa mlango.

Wa huku ni mwenyeji. Madirisha yana vioo viwili vitatu na ufito wa mpira pembeni, mlango ni mzito kama wa benki, na kuanzia Novemba hakuna anayefungua kitu zaidi ya dakika tano. Viatu vinavuliwa mlangoni, vumbi la njia halipiti hapo. Basi hilo linalojazana chini ya kitanda limetoka wapi? Limetoka kwetu. Ni nywele zetu, ngozi zetu zilizobabuka kwa hewa kavu, nyuzi za sweta na soksi na blanketi. Vipasha joto vinaikausha hewa ya ndani mpaka ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti na nguo zinakung'ang'ania mwilini. Familia ya watu wanne inakaa miezi mitano katika vyumba vitatu, inajipukuta taratibu, na Machi inakuja kujizoa yenyewe kwa kizoleo. Sijui kumweleza mama jambo hili kwa njia ambayo haitamtia kinyaa.

Ninachoweza kumweleza ni kisa cha maji, ingawa nacho nilimficha miaka miwili.

Ilikuwa Aprili 2014, machipuko yangu ya kwanza. Nilikuwa bado sina kazi, nimechoshwa na giza, na siku jua lilipoingia nikaamua kuisafisha nyumba ile ya kupanga kama nilivyofundishwa. Nikasukuma makochi ukutani. Nikakunja zulia. Nikajaza ndoo mbili, nikatia sabuni ya unga, nikamwaga. Mnaojua mnajua raha yake: maji yanatambaa sakafuni, wewe umepandisha kanga magotini, unayasukuma kwa fagio kuelekea mlangoni, yanamwagikia nje, na nyuma yako saruji inabaki inang'aa na ubaridi mzuri wa kulala chini mchana.

Nikayasukuma. Yakafika mlangoni. Nje ya mlango kulikuwa na ngazi za jengo la ghorofa nne.

Nikageuka kutafuta tundu la maji. Halikuwepo. Katika nyumba za huku tundu la maji liko bafuni peke yake, na bafu lenyewe lina kizingiti. Sakafu ya sebuleni ilikuwa laminati, ile yenye sura ya mbao na roho ya karatasi. Nilichukua mataulo, nikachukua mashuka, mwisho nikachukua kanga zangu zote, nikiwa nimepiga magoti nakausha bahari niliyoileta mwenyewe. Maji mengine yalikuwa yameshapotelea kwenye maungio. Asubuhi ya pili kila ungio lilikuwa limevimba kingo, sebule nzima imejaa matuta, ukipita bila viatu unajikwaa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, mwanamke wa miaka sabini na kitu, amevaa ndara za ndani. Hakunisalimu. Alichungulia juu ya bega langu, akasema neno moja: *vesivahinko*. Kifini changu kilikuwa cha miezi michache lakini neno hilo sikuhitaji kamusi. Ni hasara ya maji, na katika nchi ambayo majengo yanabanwa hewa kiasi hiki hakuna neno linalowatisha wenye nyumba kuliko hilo. Maji yakiingia chini ya sakafu hayana pa kukaukia. Yanazaa kuvu, na kuvu inafuata watu mapafuni.

Mwenye nyumba alimtuma fundi na kifaa cha kupimia unyevu, kisha mashine ya kukaushia iliyonguruma wiki mbili mchana na usiku, kisha bili. Sakafu ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yangu, lakini nilidaiwa kama mpya. Nikabisha, nikashindwa, nikalipa kidogo kidogo mpaka Krismasi. Mpaka leo naamini nilionewa kwa nusu ya pesa ile. Nusu nyingine ni halali yao.

Kwa kejeli ya Mola, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya usafi. Ndiyo kazi yangu hata sasa, maofisini, zamu ya alfajiri, na wanaoniuliza kama nimeipenda huwa hawasubiri jibu. Nimeipenda. Nina mengi mabaya ya kusema juu ya mshahara na mgongo, lakini kazi yenyewe ina elimu yake. Somo la kwanza lilikuwa kusahau ndoo. Vitambaa vya deki tunavitia kwenye mashine ya kufulia, tunavilowesha humo kwa kipimo, tunavitoa vikiwa na unyevu tu, na kila chumba kinapata kitambaa chake. Hakuna maji ya kumwaga. Sakafu ikikauka polepole kuliko unavyohesabu mpaka ishirini, umekosea. Vitambaa vya kufutia vina rangi, cha chooni hakikutani na cha jikoni hata kwa bahati mbaya. Na sabuni inapimwa, kwa sababu iliyozidi inabaki sakafuni kama utando na kuvuta vumbi jipya. Hilo la mwisho lilinikata maini. Miaka yote nilidhani povu ndio usafi.

Basi kila Machi nafanya usafi wa nyumbani kwangu kwa akili mbili zinazogombana, ya mama na ya kazini. Nikianzia juu, hawagombani: fagio la buibui ni fagio la buibui, hata kama langu la hapa ni la plastiki. Nafuta juu ya milango, ambako hakuna mtu aliyewahi kupaangalia. Natoa vifuniko vya matundu ya hewa, vyeusi kama sufuria ya kuni, naviloweka. Nyuma ya vipasha joto napitisha brashi nyembamba yenye mpini mrefu, maana vumbi la pale ndilo linaloipa nyumba ile harufu ya kuungua kila moto unapoongezwa.

Jikoni nazungumza na kabati la vyombo. Juu ya sinki la karibu kila nyumba ya Kifini kuna kabati lisilo na sakafu, lina waya tu ndani. Unaosha sahani, unaipachika humo ikiwa inachuruzika, unafunga mlango, maji yanadondoka kwenye sinki. Katika miaka ya 1940 mwanamke aitwaye Maiju Gebhard ndiye aliyeliendeleza na kulieneza, baada ya kupiga hesabu ya muda ambao akina mama walikuwa wakipoteza maishani mwao kufuta vyombo. Nililipenda siku ya kwanza kwa sababu ni kichanja. Kichanja chetu cha uani, cha miti minne na fito, kimetiwa mlango na kupakwa rangi nyeupe. Ila cha nyumbani kinapigwa jua, hiki hakipigwi, kwa hiyo Machi unatoa waya zote na kusugua utelezi uliojificha kwenye pembe.

Kisha madirisha, na hapa ndipo machipuko yenyewe yalipo. Nyumba yangu ya sasa ina ufunguo wa madirisha, kipande cha chuma cha pembe nne kisichoonekana mwaka mzima mpaka siku hiyo. Unafungua fremu ya ndani, halafu ya nje, na katikati unakuta makaburi ya nzi wa Septemba. Sura nne za kioo kwa kila dirisha. Madirisha sita. Jambo la kwanza nililojifunza ni kutoharakisha: mwaka wa pili niliosha kukiwa na baridi ya nyuzi tatu chini ya sifuri, na maji yaliganda kiooni kabla sijafika pembeni, nikabaki na dirisha lenye maua ya barafu. La pili ni kutofuata jua. Kioo kikipigwa jua sabuni inakauka juu yake na kuacha michirizi, na jua, kama nilivyosema, ni mbea. Osha upande wenye kivuli, tone moja la sabuni ya vyombo kwenye ndoo, mpira wa kuvutia maji kutoka juu kwenda chini, na mpira wenyewe ufutwe kila ukivuta. Gazeti, silaha ya utoto wangu, limestaafu. Hakuna tena anayenunua gazeti la karatasi.

Nikishamaliza nafungua yote mara moja. Hewa inaingia ikiwa na harufu ya udongo uliolowa, harufu ambayo ilikuwa imefungiwa chini ya theluji tangu mwaka jana. Mwaka mmoja niliona hiyo haitoshi. Nyumba ikishasafishwa kwetu inafukizwa, nikawasha kaa dogo kwenye chetezo, nikatia udi. Ndani ya dakika mbili king'ora cha moshi cha darini kikalia, kila nyumba hapa sharti iwe nacho, mtoto mdogo akaanza kulia pamoja nacho, na bibi wa chini akapanda ngazi kwa mara ya pili katika historia yetu. Safari hii alivuta hewa puani, akasimama. "Nini hii?" Nikamwambia. Akauliza kama kuna nyingine.

Huyu bibi itabidi niwaeleze. Tulipohama ile nyumba ya mafuriko tulihamia jengo hilo hilo, mlango wa pili, kwa hiyo hakunikosa. Wafini huitana kwa majina tupu, hata mwanafunzi na mwalimu wake, lakini jina tupu la mtu aliyemzidi mama yangu halitoki mdomoni mwangu. Nilijaribu wiki nzima, ulimi ukagoma. Namwita *mummo*, bibi. Mwanzoni alishtuka, nadhani alihisi namzeesha. Sasa akinipigia simu anajitambulisha hivyo.

Nguo za baridi zina siku yao. Makoti yanakung'utwa roshanini, buti zinafutwa chumvi ya barabarani iliyochora ramani nyeupe kwenye ngozi, haalari za watoto, zile suti nzima za kuchezea kwenye theluji, zinakaguliwa magoti na kupelekwa kwa mtu mwenye mtoto mdogo zaidi. Chochote cha sufu kinafuliwa kabla ya kuhifadhiwa, maana nondo wa nguo anapenda pale palipo na jasho au tone la mchuzi. Mimi huongeza kifuko cha karafuu. Sina ushahidi kama nondo wa Ulaya anaiogopa karafuu, ila ikifika Oktoba nikifungua boksi, linanuka kwetu.

Glavu ndizo zinazonishinda. Mwanzo wa baridi tunanunua jozi nane, mwisho tunabaki na glavu saba ambazo hakuna mbili zinazofanana. Nyingine zinarudi zenyewe. Theluji ikiyeyuka zinaibuka kando ya njia, na mpita njia anaziokota na kuzivisha kwenye ncha za ua ili mwenyewe azione. Kuanzia Machi mtaa wetu una mikono midogo ya rangi rangi inayopunga kila ua. Mwaka huu nimempata mmoja wa kwetu, mwekundu, karibu na shule ya awali, amepauka upande mmoja.

Na huko nje nako kuna usafi wake, tena mkubwa kuliko wa ndani. Baridi yote jiji linamwaga kokoto ndogo kwenye njia za miguu ili watu wasiteleze. Theluji ikiondoka kokoto zinabaki, tani kwa tani, zinasagwa na magurudumu. Matairi ya baridi yana misumari, nayo inaikwangua lami. Aprili kavu ikipata upepo kidogo, jiji safi kama hili linapata vumbi la kukufanya ukohoe, na wenye pumu hukaa ndani. Sheria ya Ulaya inaruhusu chembe za namna hiyo kupita mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo siku zisizozidi 35 kwa mwaka, kwa hiyo jiji linanyunyiza maji ya chumvi ya kalisi barabarani ili kulilaza vumbi, kisha linaleta magari ya kufagia usiku. Vibao vinawekwa: ondoa gari lako tarehe fulani. Usipoondoa, litaondolewa.

Uani mwa jengo tunafagia wenyewe. Jumamosi moja ya mwisho wa Aprili au ya mwanzo wa Mei tangazo linabandikwa ngazini: *talkoot*. Watu walioishi ukuta kwa ukuta tangu Oktoba bila zaidi ya kutikisiana kichwa wanatoka na reki na glavu, wanakusanya majani ya mwaka jana, wanasugua viti vya uani, mwisho wanachoma soseji. Nilipoliona kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni msaragambo! Kasoro mbiu na mwenyekiti wa kitongoji wa kutoza faini. Mtu asiyekuja hasemwi, ila analijua jicho atakalokutana nalo kwenye lifti. Mimi napeleka vitumbua, na nina jirani mmoja, mwanamume asiyezidisha maneno kumi kwa mwaka, ambaye manne kati ya hayo ni kuuliza kama mwaka huu vipo.

Onyo moja: usipeleke nguo za baridi kwenye stoo ya chini ya jengo mapema. Kuna kitu kinaitwa *takatalvi*, baridi ya kurudi nyuma. Umeshaosha vioo, umeshapanda mbegu kwenye makopo, asubuhi ya Mei unaamka kuko kweupe. Nimepeleka watoto shule na viatu vya raba kwenye theluji, wengine wakinitazama.

Ghorofa ya tatu kuna familia ya Kiirani. Wao hawasubiri Mei. Mwaka wao mpya, Nowruz, huingia tarehe 20 au 21 Machi, siku usiku na mchana unapokaribia kulingana, na wiki kadhaa kabla yake nyumba nzima inapinduliwa: mapazia, mazulia, kabati baada ya kabati. Wanaita kuitikisa nyumba. Mama wa familia aliponitajia jina la sikukuu nilimwambia sisi pia tunalo, Nairuzi, na kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai watu wanasherehekea Mwaka Kogwa, wanaume wanachapana kwa migomba na kibanda kinachomwa moto, ili ya mwaka uliopita yaishe hapo. Neno lilisafiri na majahazi. Alinitazama kama ndugu aliyepotea, kisha akauliza kwa nini Julai. Nikamjibu kwamba kwetu hakuna theluji ya kusubiri iyeyuke, ila jibu halikumridhisha, na kusema kweli hata mimi halikuniridhisha.

Mwisho wa yote ni mazulia, na hayo yanangoja joto lenyewe.

Zulia la Kifini la kawaida limefumwa kwa matambara. Shuka kuukuu, mashati, mapazia, vinachanwa vipande virefu na kuwekwa kwenye kitanda cha mfumi. Ni zito, halichakai, na halifuliwi ndani. Helsinki ina sehemu za umma za kufulia mazulia pembeni mwa bahari, bure kabisa, na moja iko karibu na bustani ya Kaivopuisto: meza ndefu za mbao, karo za kusuuzia, kinu cha mikono cha kukamulia na vichanja virefu vya kuanikia. Zamani watu walifulia kwenye magati, povu likaenda baharini. Siku hizi maji yanapelekwa kwenye mabomba ya majitaka. Sabuni ni ya msonobari, nzito, ya kahawia, inanuka kama boti iliyotiwa lami.

La kwangu limefumwa kwa kanga. Zile zile nilizokaushia mafuriko, hazikupona. Miaka mingi zilikaa ndani ya mfuko, siwezi kuzivaa, siwezi kuzitupa, mpaka *mummo* akaniomba mfuko huo na kwenda nao kwenye darasa lake la jioni la kufuma. Mama alipoona picha aliumia.

"Kanga inakanyagwa?"

"Mama, nyumbani zikichakaa si tunadekia?"

"Kudekia ni kudekia," akasema, "na kukanyaga ni kukanyaga."

Juni hii tulikwenda wawili, mimi na *mummo*, zulia kwenye kitoroli. Ana miaka zaidi ya themanini sasa na hawezi kusugua, lakini anaweza kusimamia. Nilitandaza, nikamwagia maji, na hapa, mabibi na mabwana, hapa maji yanamwagwa bila kipimo, ndoo baada ya ndoo, nimepandisha sketi magotini, mgongo unauma, brashi ya mizizi inakwaruza. Lile vumbi la baridi likatoka jeusi. Kisha povu likawa la waridi. *Mummo* akanyoosha kidole: rangi inatoka. Nikamwambia rangi ya kanga nyekundu inatoka tangu siku ya kwanza, na haijawahi kwisha.

Kwenye kichanja lilining'inia kama mtu aliyechoka. Herufi za majina ya kanga zilikuwa zimechanwa vipande, huku NYA, kule MWE, huku nusu ya U. Mwanangu mdogo, ambaye anajifunza kusoma kwa lugha mbili, alijaribu kulisoma zulia zima kutoka kushoto, akakasirika, akaenda kutazama shakwe.

Zulia la namna hiyo linakauka kwa siku moja mbili, na watu huliacha hapo hapo waende zao. Usiku nikampigia mama.

"Umeliacha nje?"

"Kila mtu ameacha lake, mama."

"Usiku huu?"

"Saa tano kasoro, na jua ndiyo kwanza linazama."

"Nenda kaliangalie."

Nikachukua baiskeli. Bahari ilikuwa imetulia, mbingu nyeupe, mazulia kama thelathini yamepangana na hakuna mtu. La kwangu lilikuwepo. Kuna aliyelipindua, ili na upande wa pili ukauke.